Mumbai hadi Karachi, kwa njia ya Dubai

Fungua simu yako uulize umbali wa ndege kati ya Mumbai na Karachi. Jibu litakuja kabla hujameza mate: kilomita 875 hivi, saa moja na nusu angani. Ni mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na kidogo juu yake. Abiria anapewa juisi na pakiti ya karanga, na hajamaliza kurasa za michezo rubani anatangaza mikanda ifungwe. Kwa kuwa saa za Mumbai ziko mbele ya za Karachi kwa nusu saa, ndege ikitoka saa tatu asubuhi itatua saa nne kamili kwa saa za huko iendako.

Hesabu hiyo haina kosa, ila haimfai msafiri yeyote, kwa sababu ndege yenyewe haipo. Hakuna shirika linalobeba abiria moja kwa moja kutoka Mumbai kwenda Karachi, asubuhi wala usiku, kila siku wala mara moja kwa wiki. Kikokotoo cha kwenye simu hupima mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, kikaugawa kwa mwendo wa ndege wa kilomita 800 na ushei kwa saa, kisha kikaongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Mambo ya viza, vita na amri za kufunga anga hayamo humo.

Anayetaka kwenda kweli hununua tiketi ya kupitia Ghuba, na aghalabu ni Dubai. Kutoka Mumbai hadi Dubai ni kilomita 1,930 hivi, zaidi ya saa tatu. Kutoka Dubai kurudi mashariki hadi Karachi ni kilomita 1,190, kama saa mbili. Jumla ni kilomita 3,120 badala ya 875, yaani mara tatu na nusu. Ongeza kungojea uwanjani, na kungojea huko hakuna kipimo: saa mbili ukibahatika, saa kumi ukikosa bahati. Kwa kifupi, ukitoka Mumbai kwa ndege yenye injini mbili za kisasa, utafika Karachi baada ya saa saba na nusu au zaidi.

Sasa turudi nyuma hadi tarehe 15 Oktoba 1932.

Asubuhi hiyo, mnamo saa kumi na mbili na nusu, kijana wa miaka 28 aliruka peke yake kutoka uwanja wa Drigh Road, Karachi. Jina lake Jehangir Ratanji Dadabhoy Tata, ambaye ulimwengu ulimzoea kwa herufi tu, JRD. Baba yake alikuwa Mparsi wa ukoo wa matajiri wa Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa zamani, mama yake Mfaransa, na yeye mwenyewe alizaliwa Paris. Leseni yake ya urubani, ya mwaka 1929, ilikuwa ya kwanza kutolewa nchini India. Ndege yake ilikuwa Puss Moth, kidude cha injini moja chenye mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Haikuwa na redio. Rubani alitazama pwani, mito na reli, akajua alipo. Shehena yake ilikuwa barua, kilo 25 hivi, zilizofika Karachi kutoka London kwa ndege za Imperial Airways.

Katikati ya njia alitua Ahmedabad kunywesha mafuta. Petroli ililetwa uwanjani kwa madebe, na madebe yenyewe yakaja kwa gari la ng'ombe. Picha hiyo naipenda kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga: ndege imesimama juani, rubani anapangusa vumbi miwani yake, na ng'ombe wanakuja taratibu na chakula cha injini. Kisha akaruka tena, na ilipokaribia saa nane mchana akatua Juhu, kiwanja cha tope kando ya bahari, nje kidogo ya Bombay. Mvua za masika ya kule zikianza, Juhu hugeuka bwawa, na ilibidi shughuli zote zihamishiwe Poona mpaka maji yakauke.

Piga hesabu. Kutoka Karachi hadi Bombay, pamoja na kituo cha Ahmedabad na mwendo wa ng'ombe, alitumia saa saba na robo hivi. Msafiri wa leo, mwenye tiketi ya bei kubwa na kiti kinacholala, anachelewa kuliko kifurushi cha barua cha mwaka 1932.

Barua zile zilikuwa na ndugu zake upande wetu. Imperial Airways ilikuwa na matawi mawili makubwa kutoka London: moja lilifika Karachi mwaka 1929, na jingine likashuka Afrika na kufika Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Nyanza, mwaka 1931. Kwa muda mfupi Karachi na Mwanza zilikuwa vituo vya mwisho vya njia za mfalme mmoja. Karachi walikuwa wametumaini makubwa zaidi. Waingereza walijenga pale banda la kutisha kwa ukubwa, la kuhifadhi chombo cha R101, puto kubwa la abiria lililokuwa lije kutoka Uingereza. R101 lilianguka na kuungua Ufaransa Oktoba 1930 likiwa njiani kuja, na banda likabaki tupu kwa miaka mingi, likiwashangaza wapita njia.

Siku hizo hapakuwa na mpaka wa kuvuka. Jimbo la Sindh, ambalo Karachi ni mji wake mkuu, lilitawaliwa kutoka Bombay hadi mwaka 1936. Karani wa Karachi aliandika maombi yake ya likizo kwa wakubwa wa Bombay. Wafanyabiashara walikuwa na duka huku na nyumba kule, na meli zilipita katikati kama daladala. Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistani, alizaliwa Karachi, akafanya uwakili Bombay, akajijengea huko jumba kwenye mlima wa Malabar. Nchi ilipogawanywa Agosti 1947 jumba lilibaki upande mmoja na mwenyewe akawa upande wa pili.

Hata baada ya kugawanyika, ndege ziliendelea. Watu hudhani mpaka ulifungwa siku ileile ukabaki hivyo. Haikuwa hivyo. Ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, na kila ulipofunguliwa ulikuwa mwembamba kuliko awali.

Vita vya mwaka 1965 vilikata safari kwa kiwango kikubwa kwa mara ya kwanza. Januari 1966 Waziri Mkuu wa India, Lal Bahadur Shastri, na Rais Ayub Khan wa Pakistani walikutana Tashkent, wakati huo ikiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, wakatia saini mapatano. Shastri alifariki dunia mjini humo usiku uleule. Ndege zikaanza kupita tena. Jina la Tashkent liweke akilini, tutalihitaji.

Kisha yakaja ya mwaka 1971, na hapa ndipo hesabu ya kilomita ilipogeuka jambo la uhai na kifo. Pakistani ya wakati ule ilikuwa na vipande viwili, Magharibi na Mashariki, na India yote imelala katikati. Kutoka Karachi hadi Dhaka ni kilomita 2,360 hivi kwa mstari ulionyooka, na karibu mstari huo wote unapita juu ya India. Tarehe 30 Januari vijana wawili waliteka ndege ndogo ya Indian Airlines, iliyopewa jina la Ganga, wakailazimisha itue Lahore. Abiria waliachiwa, ndege ikachomwa moto. Siku chache baadaye India ikapiga marufuku ndege za Pakistani kupita katika anga yake.

Serikali ya Islamabad ikajikuta haiwezi kufika katika nusu ya nchi yake isipokuwa kwa kuzunguka bara zima la India na kutua Colombo kujaza mafuta. Safari ikazidi kilomita 4,500. Wiki zilizofuata, huku Dhaka ikichemka, ndege za abiria za PIA, shirika la ndege la Pakistani, zilipitia Colombo zikiwa na askari waliovaa kiraia. Pakistani ililalamika mbele ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, India ikasema shirika hilo halina mamlaka ya kuisikiliza kesi, na ubishi ukafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Mahakama ilitoa hukumu Agosti 1972, ikaikatalia India. Lakini Dhaka ilikuwa imeshakuwa mji mkuu wa Bangladesh tangu Desemba iliyotangulia. Mawakili walishinda haki ya kusikilizwa kuhusu njia ya kwenda mahali ambapo mteja wao hakuwa tena na pa kwenda.

Anga ilifunguliwa mwaka 1976, ikafungwa tena siku ya kwanza ya mwaka 2002 baada ya Bunge la India kushambuliwa, ikafunguliwa siku ya kwanza ya mwaka 2004. Safari ya Karachi na Mumbai ilirudi, ikachechemea. Mashirika ya India yaliondoka kwanza. PIA ilibaki na safari zake chache kwa wiki, abiria wenyewe wachache kwa sababu viza ni shida, na mwaka 2017 nayo ikaacha. Hapakuwa na sherehe wala maombolezo. Njia iliyozaa usafiri wa anga wa India ilikufa kama duka la mtaani linavyokufa: siku moja unapita unakuta mlango umefungwa, na hukumbuki mara ya mwisho ulinunua nini.

Hiyo viza nayo ina mambo yake. Kwa miaka mingi kila nchi iliwapa raia wa mwenzake ruhusa ya miji, si ya nchi. Karatasi inataja Mumbai, basi ni Mumbai. Ukitaka kumwona shangazi aliye Pune, karibu tu hapo, inabidi nayo itajwe. Ukifika unakwenda kujiandikisha polisi, ukiondoka unakwenda kuaga. Yaani hata siku ambazo ndege ilikuwepo, mtu alilipia saa moja na nusu ya angani kwa miezi ya kungojea chini.

Dubai ndiyo iliyokaa katikati ya pengo hili na kulifanyia biashara, na ilianza mapema. Tarehe 25 Oktoba 1985 shirika jipya la Emirates liliruka kwa mara ya kwanza. Lilikwenda Karachi. Ndege zake za mwanzo zilikodiwa kutoka PIA yenyewe, na Mumbai ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya kwanza kabisa. Kwa hiyo tangu siku zile za kuanza, kila mwaka serikali mbili zinaponuniana, shirika la tatu linapata abiria wa kwenda na kurudi.

Ukipita uwanja wa Dubai usiku wa manane, wakati ndege za Asia Kusini zinapopangwa, utawaona wote kwenye korido moja. Vibarua wa ujenzi wenye mablanketi mapya ndani ya mifuko ya plastiki. Akina mama waliofunga mabegi kwa utepe wa rangi wasije wakayapoteza. Anayekwenda Karachi anamwomba chaja anayekwenda Mumbai, wanaelewana bila mkalimani, wanaulizana bei ya dhahabu, na mlango ukifunguliwa kila mmoja anashika njia yake. Na yule aliyetoka Mumbai kwenda Karachi ana kichekesho cha ziada. Akiwa juu ya Bahari ya Arabuni, ramani ya kwenye skrini ya kiti inamwonyesha jina la Karachi upande wa kulia, kilomita mia chache tu, likija, likimpita, likibaki nyuma. Saa kadhaa baadaye atalirudia.

Mchezo wa kriketi umelifanya jambo hili lionekane na dunia nzima. Februari na Machi 2025 Pakistani ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mabingwa. India ilikataa kuvuka mpaka, ikapangiwa mechi zake zote Dubai. Wenyeji wakasafiri kwenda ugenini kucheza na mgeni wao. Kibaya zaidi kiliwapata Afrika Kusini. Walimaliza mechi yao Karachi, wakapelekwa Dubai kabla haijajulikana nani atakutana na India kwenye nusu fainali. Matokeo yakatoka kwamba si wao. Wakapanda ndege kurudi Lahore, wakacheza na New Zealand, wakafungwa. Fainali nayo ikafanyika Dubai, kwa kuwa India iliingia.

Mwezi mmoja na nusu baadaye mambo yakawa mabaya kweli. Tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye silaha waliwaua watalii huko Pahalgam, Kashmir. Siku mbili baadaye Pakistani ilizifungia ndege za India anga yake, na kabla mwezi haujaisha India nayo ikajibu. Mwezi wa Mei nchi mbili zikarushiana makombora. Risasi zilinyamaza baada ya siku nne, lakini amri ya anga haikunyamaza, ikawa inaongezwa mwezi baada ya mwezi kama mkopo usiolipika. Sheria inaruhusu: mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unasema katika kifungu chake cha kwanza kabisa kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake.

Hapo ndipo Tashkent inaporudi. Kutoka Delhi hadi Tashkent ni kilomita 1,580 hivi, na shirika la IndiGo lilikuwa likienda huko kwa ndege zake za kawaida za njia moja ya kati. Aprili hiyo likasimamisha, pamoja na safari ya Almaty. Kisa ni kwamba Pakistani imekaa mlangoni. Ukizunguka kwa magharibi, kupitia baharini na Iran, tangi la ndege ndogo halitoshi. Ukizunguka kwa mashariki unakutana na Tibet, na Tibet haichezewi. Ndege ikipoteza hewa ya ndani, rubani anatakiwa kushuka haraka hadi mita 3,000 hivi, mahali ambapo mtu hupumua bila barakoa. Hewa ya kwenye barakoa za abiria ni ya dakika kumi na kitu, ishirini kwa wingi. Sasa utashukaje hadi mita 3,000 wakati ardhi yenyewe iko mita 4,000 na zaidi? Mji ambao watawala wawili waliuendea kutafuta amani mwaka 1966 ukawa haufikiki kutoka Delhi kwa ndege iliyoufikia wiki iliyotangulia.

Wakubwa nao waliumia. Safari za Air India kutoka Delhi kwenda Amerika ya Kaskazini zikawa zinatua Vienna kujaza mafuta, na Septemba 2025 shirika likaacha kabisa safari ya Washington, likitaja kufungwa kwa anga miongoni mwa sababu. Air India hii ni mtoto wa ile Puss Moth: kampuni ya ndege ya Tata ilikuja kuitwa Air India mwaka 1946, ikataifishwa 1953, ikarudi mikononi mwa Tata Januari 2022. Anayefunga naye anakatwa. Mwaka 2019, anga ilipofungwa kwa miezi minne na ushei, Air India peke yake ilipoteza rupia bilioni 4.91, na waziri wa Pakistani akasema nchi yake imepoteza rupia zake bilioni 8.5, kwa kuwa ndege ya kigeni ikipita juu yako hulipa ushuru, na isipopita hailipi.

Huku kwetu habari hii ina wenyewe. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zina familia za Wakhoja, Wamemon, Mabohora na Wakachi ambazo zilipotawanyika, tawi moja lilikuja na jahazi la kaskazi, jingine likabaki Bombay, na la tatu likahamia Karachi mwaka 1947. Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Wakhoja wa Kiismailia, alizaliwa Karachi mwaka 1877. Mwaka 1946 wafuasi wake walimpima kwa almasi mara mbili, Machi mjini Bombay na Agosti mjini Dar es Salaam. Ndiye pia aliyetoa zawadi ya mwaka 1930 kwa Mhindi wa kwanza kuruka peke yake kati ya Uingereza na India, zawadi ambayo JRD aliikosa kwa saa chache. Njiani alimkuta mshindani wake, Aspy Engineer, amekwama Misri, akampa plagi yake ya akiba. Aspy akashinda. Kiongozi wa Mabohora, ambaye makao yake ni Mumbai, alitoa mawaidha yake ya Muharram Dar es Salaam mwaka 2016, na mwaka 2024 akayatoa Karachi.

Kwa familia hizi, ndugu wa Afrika Mashariki ndiye mwenye miguu. Pasi ya Kenya au ya Tanzania haimfungulii kila mlango, maswali kwenye ubalozi yapo, hasa wakigundua babu alizaliwa wapi, lakini ana nafasi kuliko binamu zake wawili ambao kila mmoja yuko umbali wa Dar na Mwanza kutoka kwa mwenzake. Kwa hiyo akipanga safari ya kuwaona wote, simu zinaanza kuingia. Bibi wa Mumbai anataka kitambaa cha harusi kimfikie mjukuu wa Karachi. Karachi wanataka apige picha kaburi la babu. Anakata tiketi ya Nairobi hadi Mumbai, Mumbai hadi Dubai, Dubai hadi Karachi, kisha njia ya kurudi. Mithai, yaani vitamutamu vya zawadi, anazibeba mkononi, maana begi kubwa limeshafika kilo za mwisho, na likizidi kwenye kaunta, ziada anailipa yeye.